Queen I: albamu ya kwanza ya Freddie Mercury imetolewa upya. Inatuhusu vipi Unguja?

Tarehe 25 Oktoba 2024, kundi la roki la Uingereza liitwalo Queen lilitoa upya albamu yake ya kwanza, iliyotoka mara ya mwanzo tarehe 13 Julai 1973. Mwimbaji wa kundi hilo, Freddie Mercury, alizaliwa hapa Unguja. Jina lake wengi tunalijua, na nyumba ya makumbusho yake ipo Shangani, Barabara ya Kenyatta, ambako watalii hupiga picha kila siku. Lakini albamu yenyewe iliyomtoa duniani, wachache kati yetu tumewahi kuisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho.

Katika makala haya tunaeleza albamu hiyo ni ipi, ilirekodiwa vipi, kwa nini ilipotoka watu hawakuijali, na "kutoa upya" maana yake hasa ni nini. Mwisho tunarudi nyumbani. Kilichowawezesha Queen kuirudia kazi yao baada ya miaka 51 ni kitu kimoja tu: kanda zao zilikuwa bado zipo. Msikilizaji wa Mangapwani, Bumbwini au Donge mwenye boksi la kaseti chini ya kitanda ana sababu ya kulifikiria hilo.

Kwa ufupi

- Jina la albamu mwaka 1973 lilikuwa Queen. Toleo jipya la 2024 linaitwa Queen I.
- Albamu ya awali ina nyimbo 10, chini ya dakika 40 kwa jumla. Toleo jipya lina 11, kwa sababu wimbo mmoja ulioachwa umerudishwa mahali pake.
- Toleo kubwa la 2024 ni kasha lenye sidii 6 na sahani 1 ya santuri. Ndani yake mna rekodi 63, na 43 kati ya hizo zimechanganywa upya.
- Waliopiga ni Freddie Mercury (sauti na piano), Brian May (gitaa), John Deacon (gitaa la besi) na Roger Taylor (ngoma).

Kijana wa Mji Mkongwe

Freddie alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, na jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, watu wa asili ya Gujarat nchini India wanaofuata dini ya Zoroasta. Unguja wakati huo ilikuwa chini ya Sultani na ulinzi wa Waingereza, na Bwana Bomi alikuwa mtunza fedha katika mahakama kuu ya serikali hiyo. Freddie alikuwa na dada mmoja, Kashmira.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa India, kwenye skuli ya bweni ya St Peter's iliyopo Panchgani. Huko alijifunza piano, na pamoja na wanafunzi wenzake akaanzisha bendi ya skuli iliyoitwa The Hectics. Wenzake ndio waliozoea kumwita Freddie.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Miezi michache baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Familia ya Bulsara, kama familia nyingine nyingi, iliondoka na kwenda Uingereza, ikakaa Feltham karibu na London. Freddie alikuwa na miaka 17. Akaingia chuo cha sanaa cha Ealing na kumaliza masomo ya uchoraji wa matangazo na vitabu mwaka 1969. Nembo ya Queen, ile yenye wanyama na herufi ya Q, aliichora mwenyewe.

Kundi lilivyoundwa

London alikutana na vijana wawili waliokuwa na bendi iitwayo Smile: Brian May na Roger Taylor. Mwimbaji wao, Tim Staffell, alipojitoa mwaka 1970, Freddie akaingia na kupendekeza jina jipya, Queen. Wakabadilisha wapiga besi mmoja baada ya mwengine hadi mwanzoni mwa 1971, walipompata John Deacon.

Hawa hawakuwa watu waliokosa la kufanya. Brian May alikuwa anasoma elimu ya nyota katika chuo kikuu (shahada ya udaktari aliiweka kando kwa ajili ya muziki na kuimaliza mwaka 2007). Roger Taylor alianza na masomo ya meno, na John Deacon alisomea elektroniki.

Gitaa la Brian May lina hadithi inayostahili kusimuliwa peke yake. Hakulinunua. Yeye na baba yake walilitengeneza nyumbani kuanzia mwaka 1963, wakitumia mbao kutoka kwenye fremu ya jiko la kuotea moto la zamani na springi za pikipiki kuukuu. Huligonga kwa sarafu badala ya kipande cha plastiki. Gitaa hilo la fundi wa nyumbani ndilo linalosikika katika albamu yote, na ndilo analolipiga hadi leo.

Muziki wa aina gani?

Wasikilizaji wetu waliozoea taarab, zenji fleva au bongo fleva huenda wakashtuka mwanzoni. Queen wa 1973 ni roki ngumu: magitaa yenye ukakasi, ngoma nzito, sauti ya kupaza. Lakini tofauti na bendi nyingi za wakati ule, Queen walishikilia melodia. Juu ya kishindo chote hicho kuna sauti za watu watatu zinazoitikiana, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kama vile waitikiaji wa kikundi cha taarab wanavyompokea mwimbaji mkuu. Mtu asiyependa kelele za roki mara nyingi hunaswa na hizo sauti.

Kuna wanaodai kusikia Zanzibar ndani ya albamu hii. Sisi hatuisikii. Hakuna udi, hakuna fidla, hakuna kidumbak. Kilichomo ni nchi za kubuni, wafalme na bahari ambazo hazipo kwenye ramani yoyote. Freddie alitunga nyimbo tano kati ya kumi: My Fairy King, Great King Rat, Liar, Jesus na Seven Seas of Rhye. Brian May alitunga tatu na kushirikiana na Staffell katika mmoja, na Roger Taylor alitunga mmoja.

My Fairy King ndio wa kuanza nao. Piano ya Freddie inasikika vizuri, na Brian May amewahi kueleza kwamba jina la Mercury lilitokana na maneno ya wimbo huo. Kijana aliyeingia studio akiitwa Bulsara alitoka akiitwa Mercury.

Walivyorekodi usiku

Mwishoni mwa 1971 Queen walipata nafasi ya kurekodi nyimbo tano za majaribio katika studio ya De Lane Lea, London. Studio hiyo ilikuwa mpya na ilihitaji bendi ya kupiga kwa nguvu ili mafundi wajaribu vyombo vyao. Kwa hiyo Queen hawakulipa, na studio nayo ikapata wa kuifanyia majaribio.

Mwaka 1972 wakaingia mkataba na kampuni ya Trident, iliyokuwa na studio yenye sifa kubwa katika mtaa wa Soho. Masharti yake yalikuwa magumu. Wangerekodi bure, lakini kwa saa zile tu ambazo wateja wanaolipa hawapo. Wakawa wanaingia usiku wa manane na kutoka alfajiri, na wakati mwengine kusubiri siku nzima wapewe saa mbili. Kazi ambayo ingeweza kwisha kwa wiki chache ikachukua miezi. Watayarishaji walikuwa John Anthony na Roy Thomas Baker, pamoja na bendi yenyewe.

Tatizo kubwa lilikuwa ngoma. Trident walikuwa na namna yao ya kurekodi: ngoma zimefungwa kwenye chumba kidogo kilichozibwa, zimetiwa vitambaa zisivume, maikrofoni karibu kabisa. Kwa waimbaji wengine wa wakati ule sauti hiyo kavu ilipendeza. Queen walitaka ngoma zinazovuma kama zimepigwa ukumbini. Walilalamika, lakini wageni wanaorekodi bure hawana sauti kubwa. Kuhusu wimbo mmoja, Mad the Swine, bendi na Baker walishindwa kabisa kukubaliana jinsi ngoma zitakavyosikika, na wimbo ukaachwa nje ya albamu.

Wimbo mwengine, The Night Comes Down, ulirekodiwa upya Trident lakini bendi haikuridhika. Wakatumia ile rekodi ya majaribio ya De Lane Lea. Ndiyo maana ukisikiliza kwa makini, wimbo huo una sauti tofauti na jirani zake.

Ilipotoka, hakuna aliyeshtuka

Albamu ilikuwa tayari mwishoni mwa Novemba 1972, lakini Trident hawakupata kampuni ya kuisambaza. Ilikaa miezi zaidi ya saba. Hatimaye EMI wakaitoa Uingereza Julai 1973, na Elektra wakaitoa Marekani Septemba.

Wimbo wa kwanza kupelekwa redioni, Keep Yourself Alive, haukuingia kabisa kwenye chati za Uingereza. Albamu nayo haikuingia kwenye chati mwaka huo. Baadhi ya wakosoaji waliisifu, wengine waliona ni kundi linaloiga waliokuwa wameshatangulia. Ule ucheleweshaji uliwaumiza: nyimbo walizozitunga 1970 na 1971 ziliposikika 1973, mtindo ulikuwa umeshasogea na wengine wamepita.

Mambo yalibadilika mwaka 1974. Albamu ya pili ilipotoka, wimbo Seven Seas of Rhye, ambao katika albamu ya kwanza ni kipande kifupi cha vyombo tu mwishoni, ulirudi ukiwa kamili na kufika nafasi ya 10 Uingereza. Hapo watu wakarudi nyuma kuitafuta albamu ya kwanza, nayo ikapanda hadi nafasi ya 24. Mwaka 1975 ukaja Bohemian Rhapsody, wimbo ambao ndani yake mna neno la Kiarabu analolijua kila mtoto wa chuoni. Tangu hapo albamu ya kwanza ikafunikwa na kivuli cha zilizofuata. Hata kwa mashabiki wengi wa Queen, ndiyo wanayoijua kidogo zaidi.

Kutoa upya ni nini? Mfano wa urojo

Neno "kutoa upya" linatumika kwa mambo matatu tofauti, na wauzaji wa muziki hawana haraka ya kukutofautishia. Tutumie mfano wa bakuli la urojo.

Muuza urojo ana vyungu na sahani mbali mbali: mchuzi wa ukwaju, mbatata, bajia, kachori, chatne, pilipili. Vyote viko mbali mbali hadi anapokumiminia kwenye bakuli. Studio ni hivyo hivyo. Trident walirekodi kwenye kanda pana yenye njia 16. Ngoma zilikaa kwenye njia zake, gitaa njia yake, sauti ya Freddie njia yake. Hivyo ndivyo vyungu. Baadaye fundi huzichanganya zote na kuzipeleka kwenye kanda nyembamba yenye njia mbili, kulia na kushoto. Hilo ndilo bakuli, na ndilo linalonakiliwa na kuuzwa.

Sasa, aina tatu za kutoa upya ni hizi:

1. Kuchapisha tena. Bakuli ni lile lile, limetiwa kwenye chombo kipya. Santuri ya zamani inafanywa sidii, au inawekwa mtandaoni.

2. Kusafisha masta. Bakuli ni lile lile, lakini fundi analipasha moto na kulikamulia ndimu: anaondoa mvumo, anapandisha sauti, anasawazisha besi na sauti za juu. Hawezi kutoa pilipili iliyokwisha kuingia. Albamu ya Queen ilifanyiwa hivi mwaka 2011.

3. Kuchanganya upya. Fundi anarudi kwenye vyungu, yaani kanda ya njia 16, na kutengeneza bakuli jipya kabisa. Anaweza kuongeza mbatata, kupunguza ukwaju, na kurudisha kilichoachwa. Hivi ndivyo ilivyofanyika 2024.

Bila kanda za njia nyingi, aina ya tatu haiwezekani. Huwezi kuchukua urojo ulioliwa nusu ukauambia ujigawe.

Kilichobadilika mwaka 2024

Kazi ya kuchanganya upya ilifanywa na mafundi Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson, wakisimamiwa na Brian May na Roger Taylor, ambao sasa wana umri wa zaidi ya miaka 70. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na John Deacon aliacha muziki mwishoni mwa miaka ya tisini.

Mabadiliko makubwa ni manne.

Kwanza, ngoma. Zile ngoma kavu za 1972 zimepewa uvumi na uzito ambao Taylor aliutaka tangu mwanzo.

Pili, Mad the Swine umerudi kuwa wimbo wa nne, baada ya Great King Rat, mahali ulipopangwa kabla haujatolewa.

Tatu, sauti za Freddie zimesogezwa mbele na kusafishwa. Katika toleo la 1973 mara nyingine sauti yake inazama ndani ya magitaa.

Nne, kasha kubwa lina rekodi za majaribio, mazungumzo ya studio, vipindi walivyorekodi kwa ajili ya redio ya BBC, na sehemu za onyesho lao la mwanzo London la Agosti 1970. Vipindi vya BBC vina funzo kwa watu wa redio kama sisi. Ni rekodi za kazi ya siku moja tu, lakini kwa kuwa ziliwekwa vizuri, leo ni sehemu ya historia.

Je, toleo jipya ni bora? Mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaosema hatimaye wanaisikia albamu kama bendi ilivyoikusudia. Wapo wanaosema albamu ya 1973 ni ya 1973, na wazee wa miaka 70 hawana haki ya kuwasahihisha vijana wa miaka 25. Sisi tunaona hoja zote mbili zina uzito. Kwa anayeanza leo, toleo jipya ni jepesi zaidi kusikiliza kwenye simu na spika ndogo. Lakini toleo la zamani lisifutwe, kwa sababu ndilo waliloamua watu wa wakati ule na ndilo lililosikika.

Zanzibar na Freddie

Uhusiano wetu na Freddie haujawahi kuwa rahisi. Mwaka 2006 palipangwa sherehe mjini ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake. Jumuiya ya UAMSHO ilipinga, ikisema maisha yake hayaendani na maadili ya Kiislamu ya Wazanzibari walio wengi. Sherehe haikufanyika. Miaka 13 baadaye, tarehe 24 Novemba 2019, makumbusho ya Freddie yalifunguliwa Shangani, mwaka mmoja baada ya filamu ya Bohemian Rhapsody kuvuta watu wengi duniani.

Kuna pia suala la kuondoka kwake. Kwa wengine yeye ni mtoto wa Unguja. Kwa wengine ni mtoto wa mfanyakazi wa serikali ya kikoloni aliyeondoka na hakurudi kuishi. Freddie mwenyewe alizungumza machache hadharani kuhusu utoto wake hapa. Hatuna nia ya kumaliza mjadala huo kwa makala moja. Tunachosema ni kwamba mtu anaweza kutokubaliana na maisha ya mwimbaji na bado akajifunza jambo kutokana na jinsi kazi yake ilivyohifadhiwa.

Na kwetu je?

Muziki wa Unguja una historia ndefu ya kurekodiwa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake na kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya HMV, miaka 45 kabla ya Queen kutoa albamu yao. Ikhwan Safaa, kundi lililoanzishwa mwaka 1905, limerekodi kwa vizazi kadhaa. Sauti ya Unguja, na baadaye Sauti ya Tanzania Zanzibar, ilirekodi vikundi vya taarab, ngoma na mashairi kwa miongo mingi.

Baadhi ya kazi hizi zimetolewa upya, mara nyingi na kampuni za Ulaya. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda ya Ufaransa, unaoandaliwa na mtafiti Werner Graebner, umewatoa Ikhwan Safaa, Bi Kidude na wengine. Upande wa roki, kundi la Sunburst la Dar es Salaam lilitoa albamu moja tu, Ave Africa, mwaka 1976. Ikawa adimu mno, hadi kampuni ya Strut ya London ilipoitoa upya mwaka 2016. Kwa miaka 40 kazi ya vijana hao ilikuwa haisikiki kwa Watanzania wenyewe.

Mara nyingi kazi zetu zilirekodiwa moja kwa moja kwenye njia moja au mbili, yaani bakuli bila vyungu. Kuzichanganya upya haiwezekani. Kilichopo ni kuokoa bakuli lenyewe lisimwagike. Na linamwagika. Kanda ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Joto na unyevu wa pwani huilegeza gundi, kuvu huota, unga unabanduka, na sauti inaondoka pamoja nao. Kaseti nyingi za miaka ya themanini zimeshapita miaka 40. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba zitafika 50.

Tena, si muziki wa wakubwa tu. Kaseti ya maulidi ya kijijini, harusi ya shangazi, sauti ya babu akisimulia habari za pango la Mangapwani: hizo hazina nakala nyengine London wala Paris. Yako ikiharibika, imekwisha.

Ukiwa na kaseti nyumbani: ufanye nini

1. Ziondoe sakafuni na mbali na spika. Spika ina sumaku. Ziweke zikiwa zimesimama, ndani ya boksi kavu, mahali pasipopigwa na jua.

2. Vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Hapo hakuna atakayerekodi juu yake kwa bahati mbaya.

3. Usiicheze ovyo. Ukiona kuvu jeupe, au ukanda unanata na kulia, usiulazimishe. Mtafute fundi kwanza.

4. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti kabla ya kucheza. Uchafu wa kaseti moja huhamia kwenye nyengine.

5. Hamisha sauti kwa waya, si kwa kuweka simu mbele ya spika. Mafundi wengi wa redio na kompyuta mjini wanaweza kuunganisha. Zipo pia redio kaseti zinazorekodi moja kwa moja kwenye flashi.

6. Mwambie fundi akupe faili la WAV, sio MP3 peke yake. Saa moja ya WAV inachukua karibu MB 600. Hilo ndilo la kuhifadhi, na MP3 ndiyo ya kusikiliza.

7. Weka nakala mbili katika nyumba mbili. Flashi moja ni kama hakuna, kwa sababu flashi nazo hufa.

8. Andika: nani anaimba, wapi, mwaka gani, nani alirekodi. Muulize mzee angali hai. Rekodi isiyo na majina ni nusu ya rekodi.

9. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama sauti ya kawaida, ili isipunguzwe ubora.

10. Ukiwa na rekodi ya msanii, kumbuka kuwa kuwa na kaseti si kuwa na haki ya kuiuza. Kwa masuala ya hakimiliki Zanzibar, ofisi husika ni COSOZA.

Maswali tunayoulizwa

Nitaisikiliza wapi? Matoleo yote mawili, Queen na Queen I, yapo kwenye huduma kubwa za muziki mtandaoni. Tafuta jina kamili ili usichanganye. Albamu nzima kwa kiwango cha chini au cha kawaida hula takriban MB 30 hadi 50. Ukiitazama kama video itakula zaidi sana, kwa hiyo chagua sauti peke yake.

Nianze na wimbo gani? Sikiliza Great King Rat wa 1973, kisha ule wa 2024, ukitumia visikilizi vya masikioni. Fuata ngoma tu. Tofauti ya masta na miksi utaielewa kwa dakika kumi kuliko kwa makala yetu yote.

Queen waliwahi kupiga Afrika? Ndiyo, lakini si kwa sifa. Oktoba 1984 walipiga Sun City, Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi, licha ya wito wa Umoja wa Mataifa wa kuisusia nchi hiyo. Walilaumiwa vikali, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Zanzibar hawajawahi kupiga.

Live Aid ilikuwa lini? Tarehe 13 Julai 1985, miaka 12 kamili tangu siku ilipotoka albamu hii ambayo haikuingia kwenye chati.

Kaseti yangu imekatika, ndiyo basi? Sio lazima. Ukanda uliokatika huunganishwa kwa utepe maalumu wa kuungia kanda na kupoteza chini ya sekunde moja ya sauti. Usitumie selotepu ya kawaida, kwa sababu gundi yake huyeyuka na kuharibu mizunguko ya juu na chini. Weka vipande vyote pamoja kwenye mfuko mkavu, na mpelekee fundi kaseti pamoja na boksi lake.